Sura Yangu Kwenye Chupa

Tarehe 4 Juni

Charito, yule mkunga wa zahanati, amempa mjukuu wangu Rowelyn daftari. Eti aandike kila siku anachokula na anachomeza, kwa kuwa mimba mbili zimeshatoka na hii ya tatu ni changa, ina wiki sita tu. Rowelyn kwa kalamu ni mvivu. Daftari nimelichukua mimi. Niliishia darasa la nne, sawa, lakini herufi zangu zinasimama wima. Za Charito zimelala kama mpunga uliopigwa na upepo, na yeye ndiye msomi.

Nitaandika mpaka mtoto azaliwe. Siku hiyo nitalibwaga daftari hili mezani kwa Charito nimwambie: haya, soma, uone nani kamtunza mtoto huyu, vidonge vyako vya kiwandani au majani yangu.

Maana leo amenivunjia heshima mbele za watu. Alikuwa anampa Rowelyn vidonge vyekundu vya kuongeza damu, nikasema hapana, huyu ana vya kwetu. Nikatoa chupa. Ile yenye sura yangu. Wanawake wote kwenye benchi wanaijua.

"Nana Basilisa," akasema, "humo ndani kuna nini?"

"Mlonge. Umezaliwa wapi wewe usiyeujua mlonge?"

"Mlonge naujua, naula kila siku. Nauliza kwenye chupa."

"Si ndiyo huo! Majani tumeyapukutisha kwa mikono hii, yakakaushwa, yakasagwa. Kitu kizima, hakijapunguzwa wala kuongezwa. Vyako vimepikwa na watu waliovaa glovu."

Wanawake wakacheka. Charito hakucheka. "Basi ameze vyote," akasema, "lakini vyangu asiviache."

Asiviache! Tumefika nyumbani nikawamwagia nguruwe. Rowelyn amemeza vinne vyetu. Nimemtazama.

Tarehe 5 Juni

Mvua ya kwanza ya maana. Wali, biringanya na samaki wa chumvi. Amemeza vinne. Nimemtazama.

Tarehe 7 Juni

Niseme hili la vinne, Charito asije akasema nilificha. Chupa inasema kimoja kwa siku. Hicho ni cha watu wa mjini waliozoea mikate. Hili ni jani. Nani amewahi kudhurika kwa kuzidisha mboga? Mimi nameza vitatu, na magoti yangu, yaliyokuwa yanalia kama mlango wa ghala, siku hizi yamenyamaza. Nimewaambia watu mpaka kanisani.

Mume wa Rowelyn yuko melini, mama yake yuko Hong Kong analea watoto wa wenyewe. Mimba hii ikitoka, nitaulizwa mimi. Haitatoka.

Amemeza. Nimemtazama.

Tarehe 11 Juni

Anatapika.

"Apong, vinanuka," akanilalamikia mimi bibi yake.

"Vinanuka mboga. Ulitaka vinuke marashi?"

Nimempa maji ya tangawizi, halafu nikampa vinne vingine badala ya vile alivyotapika. Nimemtazama.

Tarehe 15 Juni

Nilikwenda sokoni kununua chumvi, nikasimama kidogo chini ya bango la turubai. Mimi huyo, mkubwa kuliko mlango wa kanisa, nacheka bila meno. Crispulo alitaka nivae meno ya kuazima siku ya picha, nikamwambia thubutu. Crispulo ndiye mwenye banda, mashine na chupa, lakini ni mwanangu wa ubatizo. Nilimshika mwenyewe kwenye maji ya baraka akinikojolea. Hawezi kunifundisha kucheka. Juu ya bango kumeandikwa MLONGE WA BIBI na chini HAKUNA CHA KIWANDANI.

Mwanamke mmoja wa milimani alinitambua. Akanishika mkono, akaupeleka kwenye paji la uso wake kama vile mimi ni askofu. "Nana, nilijua wewe ni mtu wa kweli," akasema. "Uso hauwezi kudanganya." Nikambariki. Nilirudi nyumbani natembea kama msichana.

Rowelyn amemeza. Nimemtazama.

Tarehe 20 Juni

Amemeza. Akimaliza tu anatoka kwenda kuwaangalia nguruwe. Mimba hii imempa mapenzi na nguruwe.

Tarehe 24 Juni

Mvua haikatiki. Bandani kwa Crispulo majani hayakauki. Tunayatandaza, tunayageuza, yanazidi kuwa meusi na kunuka soksi. Nikamwambia: yatupe haya, hata paka hayamfai. "Niachie mimi, Nana," akasema, na kutuambia tuendelee kupukutisha. Juzi walikuja wageni wa mjini wenye kamera, tukapukutisha tukitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Chupa mpya aliyoniletea ni ya kijani kama mgomba baada ya mvua. Nikamsifu. Nikasema kweli, mwanangu huyu ana mashine.

Amemeza. Nimemtazama.

Tarehe 2 Julai

Charito kapita nyumbani kumpima Rowelyn, viatu vyote matope.

"Damu imepanda," akasema. "Safi sana."

"Umeona!" nikasema. "Umeona jani linavyofanya kazi?"

Akamtazama Rowelyn. Rowelyn akatazama mtungi wa mchele. Na mimi nilikuwa na furaha mno hata nikampa Charito bakuli la uji wa mchele na kuku. Alikula lote, akaomba jingine. Mwembamba vile, sijui chakula anakiweka wapi.

Amemeza. Nimemtazama.

Tarehe 15 Julai

Redio inasema dhoruba. Nimefunga paa kwa kamba, nimeingiza kuku jikoni. Amemeza.

Tarehe 17 Julai

Tata Ambo amekufa. Ndugu wa marehemu mume wangu, nyumba yake iko pua na mdomo na yetu. Alipanda kushikilia bati la paa upepo ukiwa umeshaanza, mzee wa miaka themanini na kitu, mkaidi kama mwamba, na bati likaondoka naye. Tulimkuta kwenye shamba la mpunga, kofia bado kichwani.

Nimekemea kila mtu leo, hata padri. Siwezi kulia, basi nakemea.

Rowelyn hajameza. Na hatameza mpaka matanga yaishe. Hata vya kwenye chupa, jani ni jani.

Tarehe 18 Julai

Naandika kwa ajili ya Charito, maana yeye ni mtu wa pwani na huenda hajui. Mtu akifa, mlonge hauguswi. Haupikwi, hauliwi, haupukutishwi. Majani yale hudondoka moja, na jingine, na jingine, na jamaa wa marehemu nao hufuatana hivyo hivyo. Wakati wa matanga ya mume wangu shemeji mmoja alipika supu ya kuku na mlonge kwa kiburi chake. Tulizika tena kabla ya mavuno.

Kijiji kizima kina undugu na Tata Ambo. Hakuna mkono unaogusa tawi.

Nina hofu mtoto atakosa nguvu siku hizi zote. Lakini afadhali akose nguvu kuliko aitwe.

Tarehe 21 Julai

Nitaandika taratibu.

Jana jioni, katikati ya rozari, mvua ilitulia kidogo, na sote tukaisikia. Mashine ya Crispulo, ng'ambo ya mashamba, inanguruma. Wanawake waliacha kusali wakanitazama mimi, kwa sababu sura iliyo kwenye chupa ni yangu.

Leo asubuhi nikatoka na nguo zangu nyeusi na fimbo. Sikwenda kupeleleza. Nilikwenda kumchapa. Mwana wa ubatizo wangu anasaga mlonge na maiti hajazikwa! Majani yakipukutika mle bandani, anayefuata ni nani? Si yule mdogo kuliko wote katika ukoo, asiye na jina bado?

Nikasukuma mlango kwa fimbo. Crispulo akaruka kama kakanyaga kaa la moto. Alikuwa kijani mpaka kwenye nyusi. Akaja kunishika mkono aupeleke kwenye paji lake, nikaunyakua.

"Zima hiyo mashine."

"Nana, kaa kwanza, nikuletee kahawa..."

"Zima! Tata Ambo kalala sebuleni, mishumaa kichwani, wewe unapukutisha mlonge? Unataka kutumaliza? Unataka mtoto wa Rowelyn amfuate?"

Akazima. Uso ulimbadilika. Kumbe na yeye anaogopa, mama yake alimlea vizuri kwa hilo. Akapiga ishara ya msalaba.

"Nana, naapa mbele ya Mungu, sijagusa mlonge. Hata jani moja. Tafuta humu ndani kote. Siku ile ile aliyokufa Tata Ambo nilisema mlonge marufuku."

"Sasa hapa unasaga nini?"

"Si mlonge! Tulia, Nana. Hakuna jani humu. Mtoto wa Rowelyn hana hatari yoyote."

Nikatulia. Mungu anisamehe, nilitulia kabisa. Nilikaa juu ya ndoo, nikajipangusa jasho, nikasema ahsante mwanangu, Mungu akubariki. Kisha nikainua macho nikaona meza. Chupa zimepangwa safu kwa safu, sura yangu, sura yangu, sura yangu, na zote zimejaa.

"Crispulo," nikasema. "Kama hakuna mlonge, ndani ya hizi mna nini?"

Mdomo wake ulifunguka ukabaki hivyo. Alikuwa ametoka kuapa mbele ya Mungu, asingeweza kurudi nyuma.

Nikasimama, nikaanza kufungua magunia mwenyewe. La kwanza, pumba za mpunga. La pili, rangi ya kijani, ile ya keki za sikukuu. La tatu lilikuwa na unga mweupe, na nje ya gunia kulikuwa na picha. Maandishi yalikuwa ya Kizungu, siyajui, lakini kuku namjua.

"Huyu kuku ni wa nini?"

"Hizo ndizo vitamini, Nana. Vitamini halisi, si uongo. Zinatoka..."

"Nimekuuliza kuku."

"Ni za kuchanganya kwenye chakula cha kuku." Akaanza kuongea mbio mbio. "Lakini vitamini ni vitamini! Mwili hauulizi imetoka mtini au kiwandani. Majani yanaoza, Nana, si umeona mwenyewe? Watu wanataka chupa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Ningefanyaje?"

"Umeanza lini?"

"Mvua za mwaka juzi."

"Na kiangazi?"

"Kiangazi..." Akajikuna shingo, akaacha alama ya kijani. "Kiangazi nikaona hii ni rahisi zaidi."

"Na majani yetu? Tunayopukutisha mpaka kucha zinageuka rangi?"

Akatazama dirisha la nyuma. Nikaenda nikachungulia. Mbuzi wake. Wanene, manyoya yanang'aa kama viatu vya harusi, wamesimama kwenye lundo la majani yetu. Mmoja alikuwa anatafuna huku ananitazama.

Mbuzi wanakula mlonge wa Bibi. Watu wanakula unga wa kuku. Na magoti yangu, niliyoyatangaza mpaka kanisani, yametulizwa na kitu cha gunia, au hayakutulizwa na kitu chochote, nimejidanganya tu kwa kupenda sura yangu.

Nikachukua kisu chake nikakata ubavu wa lile gunia, penye kuku na maandishi.

"Nana, ukitoka na hicho utaniua."

"Wewe ulishaniua mwaka juzi. Umenisaga ukanitia kwenye chupa."

Nilitembea hatua chache kwenye matope ndipo nikakumbuka. Vinne. Kila siku vinne. Fimbo ikanidondoka.

Tarehe 22 Julai

Nilikwenda kwa Charito kabla hajafungua dirisha. Sikumsalimu. Niliweka yule kuku wa gunia mezani.

Alisoma. Akavaa miwani akasoma tena.

"Rowelyn alikuwa anameza vingapi?"

"Vinne."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mvua. Mpaka msiba ulipoingia."

Akakaa chini polepole, kama mtu anayekalia kiti asichokiamini. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Charito akinijibu jeuri najua pa kumshika. Charito akinyamaza sijui pa kushika.

"Nilisema mimi," nikaanza, "vya kiwandani ni sumu, nilisema..."

"Nana, hata vyangu ni vya kiwandani." Hakupandisha sauti. "Kiwanda si dhambi. Vyangu najua kila kimoja kina nini, kiasi gani, na kimetengenezwa kwa ajili ya nani. Hiki ni cha kuku, na Crispulo anachota kwa bakuli. Kimoja kina kidogo, kingine kimejaa. Hata yeye hajui."

Akaweka kidole kwenye herufi moja ya gunia. "Hii ndiyo inanitisha. Vitamini A. Kwenye jani haiko tayari, mwili wenyewe unaitengeneza, na ukitosheka unaacha. Hata ukila mlonge sufuria zima hudhuriki. Lakini hii imeshatengenezwa. Inaingia yote, inakaa, inarundikana. Na mimba ikiwa changa, ikizidi sana..."

"Sema."

"Inaweza kumharibu mtoto anapoumbwa."

"Wapi?"

"Uso. Moyo. Kichwa. Inaweza, Nana. Sijasema imefanya. Mpaka afikishe miezi mitano, apigwe picha ya tumbo mjini. Kabla ya hapo hakuna atakayejua."

Uso. Nilimtazama akimeza. Nimeandika humu kila siku: nimemtazama, nimemtazama. Nilikuwa naandika kama sifa.

"Utamwambia wewe," Charito akasema. "Si mimi."

Tarehe 23 Julai

Sijamwambia. Chakula hakipiti.

Tarehe 25 Julai

Jana tulimzika Tata Ambo. Leo tulikwenda mtoni kuoshwa vichwa, kama inavyotakiwa, kwa maji ya majivu ya mabua ya mpunga. Wajane na wazee ndio wanaoosha, kwa hiyo kichwa cha Rowelyn kilikuwa mikononi mwangu, macho kafumba. Nikaona nikimwambia hapa hataniona usoni. Woga huo, nimeuandika, basi.

Nikamwambia yote. Kuku, mbuzi, vitamini, uso, moyo. Niliendelea kumwagia maji wakati nasema ili wanawake wengine wasisikie.

Rowelyn akasema, macho bado yamefumbwa:

"Vile vya mwanzo nilivimeza, Apong."

"Na vingine?"

"Tangu ile wiki niliyotapika sana, nilikuwa naviweka shavuni. Naenda kuwatemea nguruwe."

"Nilikutazama!"

"Ulikuwa unatazama koo. Nilikuwa nameza mate."

"Na damu iliyopanda?"

"Charito alinipa vingine. Vimo kwenye mtungi wa mchele. Nakunywa kimoja asubuhi, ukiwa kwa kuku."

Mjukuu niliyemlea tangu hana jino, ananidanganya mchana kweupe kwenye nyumba yangu, chini ya picha ya Bikira Maria! Nikainua mkono nimzabe kibao. Mkono ukabaki juu, maji yanachuruzika kwenye kiwiko. Wanawake wakaanza kututazama. Nikaushusha kichwani kwake, nikaendelea kumwosha.

"Vile vya mwanzo," nikasema. "Ni vingi?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unavitoa, Apong," akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Tarehe 28 Julai

Mvua. Kidonge kimoja cha Charito.

Chupa zangu nimezifukia nyuma ya choo. Nilifikiria kuwapa kuku, maana hicho ni chakula chao, nikaona hapana. Sijui bakuli lilichota nini.

Tarehe 3 Agosti

Leo sokoni nilisimama chini ya bango nikasema kwa sauti yangu yote: msinunue hizi, ndani hamna mlonge, ni pumba na rangi na unga wa kuku.

Nilitegemea watu washtuke. Aliyeshtuka ni mimi. Mwanamume mmoja mwenye kapu la vitunguu alinitazama, akatazama bango, akanitazama tena.

"Bibi, wewe si yule."

"Ni mimi! Huoni?"

"Yule ana afya. Wewe umekonda."

"Nimekonda kwa sababu ya huyu!"

Mke wa Crispulo, Nenita, aliyekuwa anauza pale, akawaambia watu kwa huruma, kichwa kainamisha: "Msiba umemchanganya mama wa watu. Amefiwa na shemeji." Watu wakanihurumia. Mmoja akanipa ndizi! Na wakaendelea kununua. Na yule mwanamke wa milimani, yule yule wa mwezi wa sita, alinisikiliza mpaka mwisho, macho ya upole, kisha akachukua chupa mbili.

"Mwanangu, nimekwambia ni uongo!"

"Nimesikia, Nana. Lakini mama yangu zimemsaidia. Na wewe uko pale juu, unacheka."

Sura yangu ya turubai inaaminiwa kuliko mdomo wangu wa nyama. Nimekaa na ndizi mkononi siku nzima. Rowelyn akaila.

Tarehe 10 Agosti

Kushona magunia ni kazi niliyoifanya tangu usichana. Asubuhi na mapema, wauza samaki tu ndio waliokuwa wamefika, nilibeba sindano yangu kubwa, uzi wa katani, na kile kipande cha gunia. Nikamwomba muuza ngisi meza yake, nikapanda. Magoti yalilia yote mawili, wazi kabisa, na mimi nikayasikiliza.

Nikamshona kuku juu ya uso wangu.

Nilimshona vizuri, mshono wa magunia ya kilo hamsini, hata dhoruba isimng'oe. Juu yake MLONGE WA BIBI. Chini yake HAKUNA CHA KIWANDANI. Katikati kuku, jogoo mweupe, na maandishi yake ya vitamini.

Watu walipofika wakacheka. Walicheka sana, wakaitana. Kisha mwalimu mmoja akasogea akaanza kuwasomea yaliyoandikwa kwenye gunia, chakula cha kuku wa nyama, si kwa matumizi ya binadamu. Kicheko kikafa. Kilikatika palepale, kama mtu kashika koo la soko zima. Mwanamke mwenye mimba kubwa alikuwa ameshika chupa. Akaiweka chini taratibu sana, kwa mikono miwili, kama vile italipuka.

Nenita akaanza kunitukana. Nikamwambia, nikiwa bado juu ya meza ya ngisi, kwamba kama msiba umenichanganya basi afungue chupa ameze kimoja mbele ya watu. Akakusanya vitu vyake.

Tarehe 14 Agosti

Wamekuja watu wa manispaa, wamefunga banda. Crispulo hayupo, alishaondoka. Mbuzi wameachwa. Wanalilia majani.

Tarehe 20 Agosti

Mvua. Kidonge kimoja. Rowelyn anasema kitu kinamgusa ndani kama samaki mdogo. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Tarehe 2 Septemba

Mvua.

Tarehe 9 Septemba

Nimemuota mtoto asiye na uso. Sijamwambia mtu. Naandika hapa tu.

Tarehe 17 Septemba

Mvua imepungua. Mpunga unainama. Nimemkemea jirani kwa sababu ya bata wake, nikahisi afadhali kidogo.

Tarehe 24 Septemba

Tumekwenda mjini, mimi, Rowelyn na Charito, kwenye pikipiki moja yenye kigari cha pembeni. Charito alilipanga hilo yeye, akafunga zahanati kwa ajili yetu. Sikuwa najua la kumwambia, kwa hiyo nikamwambia viatu vyake vichafu.

Chumba cha giza, baridi. Daktari ni kijana, ana sauti kama ya mtu anayenong'ona kanisani. Alimpaka Rowelyn mafuta tumboni, kwenye kioo kukatokea wingu. Mimi sikuona kitu. Nikadhani ndiyo hivyo, hakuna kitu.

"Huu uti wa mgongo," akasema. Ukatokea, kama uzi wa shanga. "Huu moyo." Akautazama muda mrefu. Nilitaka kumpiga fimbo. "Vyumba vinne. Sawa."

"Uso," nikasema.

"Subiri, Bibi, amegeuka."

Tukasubiri. Rowelyn alikuwa ameminya vidole vyangu mpaka vikafa ganzi. Kisha mtoto akageuka, kwa hiari yake, kama mtu aliyeitwa. Paji. Pua. Mdomo, umefungika vizuri, midomo miwili. Akaweka kidole gumba mdomoni, akaanza kunyonya.

Sijawahi kushtuka hivi maishani. Dhoruba haikunishtua hivi, wala gunia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa uso wa kawaida.

"Kwa hiyo mzima?" nikauliza. "Apa."

"Ninachokiona ni kizuri, Bibi. Nisichokiona siwezi kukiapia. Tutaendelea kumfuatilia mpaka azaliwe, na baada ya hapo."

Zamani ningemgombeza. Nikamwambia vizuri, usiape, watu wanaoapa wamenitosha.

Tarehe 2 Oktoba

Mvua imekatika. Tunaanza kuvuna kesho kutwa.

Binamu yangu amerudi kutoka Cagayan. Anasema huko sokoni kuna bango jipya. Kijani kile kile, chupa ile ile. Bibi mwingine, ana meno yote. Nilikaa chini. Nikauliza jina la mji, nikauliza basi la kwenda huko linaondoka saa ngapi. Sindano yangu iko pale pale ukutani.

Mchana nilikwenda kwa Charito nikaweka daftari hili mezani. Sikulibwaga. Nililiweka. Nikamwambia soma, halafu nikakaa nje kwenye benchi na wagonjwa, nikitazama kuku wa zahanati. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Akanirudishia.

"Bado kurasa nyingi, Nana," akasema. "Endelea."

Nikamwambia herufi zake zimelala. Akasema anajua.

Jioni Rowelyn akasema ana hamu ya supu ya kuku na mlonge. Matanga yalishaisha zamani, lakini sijagusa tawi tangu siku ile. Nikatoka, nikakata moja, nikakaa mlangoni nikipukutisha. Majani ni laini, madogo, mabichi, yananata vidoleni.

"Nikutilie mengi au machache?" nikamuuliza. Sijui kama nimewahi kumuuliza hivyo.

"Mengi, Apong."

Alikula mabakuli mawili. Kisha akaenda kwenye mtungi wa mchele, akatoa kidonge cha Charito, akajimiminia maji. Mimi nilikuwa naosha sufuria, mgongo kwake.

Sikumtazama.